Mtumbwi Uliopakia Sukari

Juzijuzi nilikwenda Tarasaa kumwona binti yangu, nikakuta kuna baraza nje ya ofisi ya chifu. Msichana mmoja mwenye kipaza sauti alikuwa akiwafundisha watu namna ya kujiandaa kwa mafuriko. Aliongea vizuri, kwa adabu, na watu walimsikiliza. Wenye maduka aliwaambia wainue magunia juu ya mbao kabla ya masika. Akina mama aliwaambia wafunge vitambulisho na dawa ndani ya mfuko usiopenya maji. Kisha akauliza, "Maji yakija, ni nani atakayekuja kukuchukua? Mjue kuanzia leo. Mtaje."

Watu wakaanza kutaja. Huyu akasema kijana wangu, yule akasema jirani yangu mwenye boti. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya turubai, mikono mapajani, nikashindwa kufungua kinywa. Nilipokuwa mtoto, swali hilo ningelijibu mbio mbio kuliko watu wote pale. Ngoja nikueleze, rafiki yangu, maana sijawahi kulisimulia jambo hili mpaka mwisho wake.

Kijiji chetu kilikuwa ukingoni mwa Tana, juu kidogo ya Garsen. Nazungumzia miaka ya hamsini, wakati wa Mwingereza, barabara ilikuwa ya vumbi na mvua ikinyesha haikuwa barabara tena. Tulilima mpunga mabondeni, migomba kando ya mto, na mahindi popote palipobaki. Ukiniuliza harufu ya utoto wangu, nitakwambia ni matope yanayokauka juani na kambare anayekaushwa kwa moshi. Mto haukutushangaza. Kila mwaka ulipanda, na sisi tulitaka upande, kwa kuwa mpunga bila maji yale haukuwa mpunga. Ila miaka mingine haukutosheka na mashamba. Uliingia mpaka majumbani.

Kwa hiyo bibi yangu, mama yake mama, aliishi kama mtu anayemsubiri mgeni mkorofi. Ndani ya nyumba yetu, chini ya paa, palikuwa na ulingo wa miti minene, na miguu yake ilichimbiwa chini sana. Juu ya ulingo ule bibi alitandaza udongo, akajenga jiko, ili tuweze kupika hata maji yakiwa chini yetu. Kuni kavu zilining'inia kwenye boriti. Mbegu za mpunga alizitia kwenye vibuyu, akaziba midomo yake kwa nta ya nyuki. Chumvi ilikuwa na chungu chake, viberiti vilikuwa na kopo lake, na ole wako uguse kimojawapo kabla ya wakati. Niliwahi kulamba chumvi ile mara moja tu, na sikurudia.

Tena alikuwa na mchezo wake, ingawa kwake yeye haukuwa mchezo. Siku yoyote ya kawaida, jua linawaka, tunatwanga au tunachambua mboga, bibi angepiga kelele ghafla, "Maji!" Hapo kila mtu aliacha alichoshika na kukimbilia kitu chake. Mama alibeba vibuyu vya mbegu. Mdogo wangu alikamata kuku, na kuku wetu, walivyokuwa wamezoea, waliruka paani wakimsikia bibi akikohoa tu. Mimi nilipewa moto. Nilitakiwa kutia makaa kwenye chungu chenye majivu, nipande nacho ulingoni bila kuchomeka na bila kuyazima. Tukimaliza, bibi alipita akikagua, uso mkavu kama wa askari, halafu alicheka na kutupikia wali kwa samaki mkavu na ndizi za kuchemsha. Mpaka leo, nikisikia harufu ya samaki yule, moyo unanienda mbio na mate yananitoka kwa pamoja.

Jirani yetu wa karibu alikuwa mfinyanzi. Watoto tulimwita Mama Vyungu. Mguu wake mmoja ulikuwa umepooza tangu utoto, naye alitembea kwa kujikokota akishika fimbo, lakini mikono yake, hebu nisikie mtu akiniambia ameona mikono kama ile! Vyungu vyote vya kijiji vilitoka kwake, pamoja na chungu changu cha moto. Alikuwa hana mtoto. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikulia nusu kwetu na nusu kwake. Alipokuwa mdogo, bibi akiwa shambani, Mama Vyungu ndiye aliyemwogesha na kumlisha.

Mjomba wangu. Kwa kweli nashindwa nianzie wapi. Alikuwa kijana mrefu, mcheshi, mwenye sauti nzuri kanisani, na ndiye aliyekabidhiwa mtumbwi wa kijiji. Usidhani nazungumzia mitumbwi midogo ya kuvulia samaki. Huu ulichongwa kutoka gogo moja la mkuyu, mkubwa hata ukaweza kubeba ukoo mzima na mbuzi wao. Wanaume wa kijiji waliuchonga pamoja, wanawake wakapika, na ulikuwa na kazi moja tu: mafuriko yakija, uwavushe watu mpaka kwenye kilima cha mchanga kilichoko ng'ambo ya bonde, mahali ambapo maji hayajawahi kufika. Haukuvuliwa samaki. Haukupelekwa sokoni. Ulikaa ndani ya kibanda chake, umefunikwa nyasi, na wakati wa kiangazi sisi watoto tulizimwagia nyasi zile maji kila siku ili mti usipasuke.

Kazi hiyo niliipenda kuliko zote kwa sababu ya mjomba. Alinifundisha kushika kafi, akaniita nahodha. "Nahodha, mtumbwi umekunywa?" angeniuliza. "Umekunywa, mjomba." "Basi na wewe kunywa," naye angenipa kipande cha muwa.

Kila mwaka kabla ya masika kijiji kilikutana mbele ya kibanda kile. Mzee wa kanisa aliomba, kisha mjomba alisimama na kutamka mpangilio wa safari, ili asiwepo mtu wa kubishana wakati wa hatari. "Wa kwanza ni Mama Vyungu," alisema, na watu wote waliitika. Wakafuata wenye mimba, wazee, watoto wadogo, na wengine. Haya hayakuwa maneno matupu. Nilipokuwa mdogo zaidi maji yaliwahi kuingia nyumbani, na nikamwona mjomba akija na mtumbwi, amesimama nyuma ameshika pondo la kusukumia, Mama Vyungu ameketi mbele na chungu mapajani, anaimba kama bibi harusi. Siku ile niliona raha. Niseme kweli, nilitamani mafuriko yarudi.

Sasa palikuwa na mwenye duka. Alitoka upande wa Kipini, akahamia kwetu baada ya mafuriko yale, Kiswahili chake kilikuwa kitamu, na duka lake lilikuwa karibu na gati, mahali pabaya kabisa. Alikuwa mtu mkarimu. Mtoto akitumwa mafuta ya taa, hakuondoka bila punje ya sukari mkononi. Lakini wazee walipomshauri ajenge duka lake juu ya tuta la udongo, aliwacheka. Walipomwambia atengeneze hata uchaga wa kuwekea magunia, alisema, "Mto huu mimi naujua. Kwangu haufiki." Miaka ile kweli haukufika, naye akazidi kujaza duka: sukari, kaniki, majembe, chai, sabuni za miche.

Masika ya mwaka huo mvua ilinyesha huko juu, hata kwetu mawingu yakiwa hayajakusanyika vizuri. Tulijua kwa sababu ya Waorma. Walipita na ng'ombe wao wakiuacha mto, wakiharakisha kwenda nyanda za juu, na mwanamke mmoja aliyezoea kutuletea maziwa alimwambia bibi kwa Kiswahili chake, "Mama, mto mbaya. Toka." Bibi akaanza kufunga vitu. Kesho yake, asubuhi, tukasikia ngoma ya kijiji cha juu, halafu ya kijiji kilichofuata, ikitujia.

Bibi hakupiga kelele safari hii. Alisema kwa sauti ya chini, "Maji," na sote tukaenda. Nilitia makaa chunguni. Mama alishika vibuyu. Kuku walikwisha panda wenyewe. Nakwambia, sikuogopa hata kidogo. Nilikuwa nikijiona mtu mkubwa.

Tulipotoka nje maji yalikuwa yameshafika vifundoni, ya kahawia, yakienda bila kelele. Mama Vyungu alikuwa ametangulia kuketi mahali pake, juu ya kinu kilichopinduliwa kando ya njia, furushi begani, fimbo mkononi. Wa kwanza. Akina mama wenye mimba walisimama nyuma yake. Kila mtu alikuwa mahali pake kama ilivyosemwa barazani.

Bibi akanituma kibandani nikamwambie mjomba tuko tayari.

Kibanda kilikuwa kitupu. Nyasi zilikuwa zimetupwa upande mmoja, bado mbichi kwa maji niliyozimwagia mwenyewe. Nilisimama pale nikitazama alama ya mtumbwi matopeni, jinsi ulivyoburutwa, na alama ile haikwenda upande wa watu. Ilikwenda gatini.

Mvuvi mmoja alikuwa akifunga nyavu zake karibu. Nikamuuliza, "Baba, mjomba yuko wapi?"

Hakunitazama. "Mjomba wako ameteremka Garsen na mwenye duka. Mtumbwi umejaa sukari mpaka ukingoni."

Nilirudi mbio nikamwambia bibi. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha ngeni. Akasema, "Amempeleka mahali karibu. Atarudi." Mama Vyungu naye akasema, "Atarudi huyo. Nimemlea mimi." Wakaendelea kungoja, na kwa kuwa wao walingoja, wengine nao wakangoja.

Lakini nataka uelewe jambo moja. Mto ukifurika, mtumbwi mkubwa kama ule ukiteremka nao, haurudi. Hakuna mikono ya kuupandisha dhidi ya maji yale mpaka yapungue. Jambo hilo alilijua kila mtoto wa kijiji. Mjomba alilijua kuliko sote; ndiye aliyetufundisha. Nadhani bibi pia alikuwa akilijua wakati wote aliposema atarudi.

Maji yalifika magotini mwa watu wazima. Mama Vyungu alikuwa ameketi ndani yake sasa, kinu kimezama, sketi yake inaelea, na bado hakutaka kuondolewa. "Akija asinione nitakuwa nimemharibia mpango," alisema. Jua lilipofika utosini, bibi alimshika begani. "Shoga yangu, haji."

"Atakuja."

"Haji. Twende kwangu."

Hapo ndipo nilipoona watu wakiondoka kimya kimya, kila mmoja na wake. Wengine walipanda miti, wengine mapaa, wengine walifunga migomba pamoja wakaifanya chelezo. Wavuvi wenye mitumbwi midogo walichukua waliowaweza. Bibi, mama na yule mvuvi walimweka Mama Vyungu juu ya kitanda cha kamba, wakambeba mpaka ndani ya nyumba yetu, maji yakiwafika kifuani, wakamsukuma ulingoni kama gunia. Ulingo ulilia, lakini haukuanguka. Mimi nilikuwa juu tayari na chungu changu. Moto ulikuwa hai. Bibi aliupuliza, akapika uji, na tulikunywa tukisikia ukuta wa nyumba ya Mama Vyungu ukimomonyoka na vyungu vyake vikigongana, vikitoka kimoja kimoja kwenda na mto.

Mama Vyungu alitetemeka tangu jioni ile. Alikuwa amekaa majini muda mrefu mno. Tulikaa kule juu mpaka nilipopoteza hesabu ya siku. Chumvi ilitosha, kuni zilitosha, kila alichokiandaa bibi kilifanya kazi yake. Hatukulala njaa hata siku moja. Lakini Mama Vyungu alikohoa, kisha homa ikapanda, na katika homa ile alimwita mjomba kwa jina lake la utotoni, akimwambia aje aoge, maji yamepoa. Bibi aliitika kwa niaba ya mwanawe. "Nakuja, mama," alisema. Nilimsikia kwa masikio yangu.

Wavuvi wa ng'ambo walipotufikia na mitumbwi yao midogo, walitaka kumkimbiza hospitali ya Ngao. Walituvusha kwanza mpaka kilimani, naye akafia huko, kabla hawajapata nafasi ya kumteremsha. Tulimzika kwenye mchanga ule ambao alikuwa awe wa kwanza kuufikia. Waliimba watu wachache, na ile sauti iliyozoea kuongoza nyimbo zetu haikuwepo.

Maji yalipopungua, mjomba alirudi kwa miguu, akikanyaga matope, amevaa shati jipya. Mkononi alikuwa na mfuko wa sukari. Tulikuwa tunakwangua udongo ndani ya nyumba. Aliniona kwanza mimi, akatabasamu, "Nahodha!" Miguu yangu ilitaka kukimbia kumlaki, rafiki yangu. Ilikuwa imezoea. Nikaishika kwa mikono yangu miwili, nikachutama pale pale.

"Mama, shikamoo," akamwambia bibi.

"Marahaba."

"Mama, nisikilize. Yule mtu alilia mbele yangu. Mali yake yote ilikuwa inakwenda. Akaniambia nikimwokoa, atafungua duka Garsen na nitasimama naye humo kama mwenzake. Nilidhani maji yatakuwa madogo. Nilidhani watu watawahi kutembea."

"Mama Vyungu atembee?"

Akauweka ule mfuko wa sukari sakafuni.

"Ulijua mtumbwi ukiteremka haurudi," bibi akasema. "Nakuuliza uniambie tu. Ulijua, hukujua?"

"Nilijua, mama."

Nilimwona bibi akitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa amebakiza mlango mmoja wazi na sasa anaufunga. Hakumtukana. Hakumlaani, ingawa baadhi ya majirani walitaka amlaani. Alitandika mkeka mpya, ule wa wageni, akampakulia wali kwenye sahani ya wageni, akamletea maji ya kunawa kwa mikono miwili. "Karibu, mgeni wetu," alisema, kisha akatoka nje kuendelea na kazi. Mjomba alikaa peke yake mbele ya sahani ile. Alikula kidogo, akalia, akaondoka. Mfuko wa sukari ulibaki pale mpaka sisimizi walipoumaliza. Hakuna aliyetuambia tusiuguse, na hata mdogo wangu, aliyekuwa mlafi wa sukari, hakuugusa.

Duka la Garsen lilifunguliwa kweli, na mjomba alisimama humo. Lilistawi. Tena lilijengwa juu ya tuta refu la udongo, na lilikuwa na uchaga wa mbao ngumu. Mwenye duka alikuwa amejifunza. Kila nilipopita Garsen miaka ya baadaye, mjomba alitoka kunisalimu, naye alinizeekea mbele ya macho yangu, mnyenyekevu, mpole, akisaidia watu wengi. Nilimwamkia kwa heshima. Zaidi ya hapo sikuwa na cha kumpa. Alipokufa bibi, alikuja kubeba jeneza, na hakuna aliyemzuia.

Kiangazi kilichofuata mafuriko yale, aliurudisha mtumbwi. Aliufunga gatini, akaondoka. Wanaume waliuburuta mpaka kibandani, wakauacha. Nilichukua kibuyu changu cha maji kama kawaida, na mama akaniambia, "Weka chini, mwanangu. Hakuna haja." Jua likaupiga. Siku moja mchana, tukiwa tunapembua mpunga, ulipasuka kwa kishindo kutoka mbele mpaka nyuma. Watu wakageuza vichwa, wakarudi kwenye nyungo zao.

Mwaka ule baraza la mpangilio halikufanyika, wala mwaka uliofuata. Kila nyumba ilichonga mtumbwi wake, mdogo, wa kutosha wenye nyumba, ukafungwa mlangoni. Tulijiandaa vizuri zaidi kuliko zamani, usifikiri vingine. Nyumba zikainuliwa, mbegu zikafichwa juu zaidi. Wetu sisi ulikuwa na nafasi ya bibi, mama, mimi na mdogo wangu, na bibi alipotufundisha upya, hakutamka tena neno kungoja. Upande wa pili wa njia, pale palipokuwa na nyumba ya mfinyanzi, paliota mahindi.

Watu huniuliza mafuriko yale yalichukua nini, wakitegemea nitaje mbuzi, mpunga na nyumba. Vyote hivyo vilirudi, misimu michache ikapita na ungedhani havikuwahi kuondoka. Ambao sijawaona tena ni watoto wa aina ile, wanaoweza kusimama katika maji yanayopanda, chungu cha moto mikononi, bila hofu yoyote, kwa kuwa wameambiwa kuna mtu anakuja na hawajawahi kudanganywa. Nilikuwa mmoja wao, mpaka mchana wa siku ile.